Kibofu Kinapimwaje? Kati ya Kijiti, Kikombe na Mashine ya Shinikizo

Katika maabara nyingi za Afrika Mashariki, foleni moja ya asubuhi huwa na wagonjwa wenye maswali yasiyofanana kabisa. Yupo binti anayesikia moto kila akienda haja ndogo. Yupo mzee anayeamka mara tano usiku, mkojo ukitoka kwa kudondoka, na moyoni ana hofu ya saratani ya tezi dume. Yupo mama aliyezaa watoto wanne ambaye akikohoa au akinyanyua ndoo, mkojo unamtoka. Wote watatu wanapewa kichupa. Wote watatu wanaweza kutoka na jibu moja, kwamba wana UTI, pamoja na dawa za siku tano.

Kati ya hao, kichupa kina uwezo wa kumjibu binti peke yake. Wengine wawili hawana shida na kilichomo ndani ya mkojo. Shida yao ni jinsi kibofu kinavyoutunza na kuutoa, na jambo hilo halionekani kwenye hadubini. Kuchunguza mkojo ili kujua utendaji wa kibofu ni sawa na kuonja maji ya bomba ili kujua kama pampu inasukuma.

Mkanganyiko huu una gharama. Watu hutibiwa maambukizi wasiyokuwa nayo, wengine huambiwa uvujaji ni sehemu ya uzee au uzazi, na wachache wanaohitaji vipimo vya kina hufika wakati figo zimeshaumia. Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba mashine ya kisasa ingemaliza yote. Swali la kipimo gani kifanyike, kwa nani na lini, lina mvutano wa kweli hata miongoni mwa madaktari bingwa.

Kazi mbili za kibofu

Kibofu hutunza na kutoa. Wakati wa kutunza, ukuta wake wa misuli hutanuka taratibu huku shinikizo la ndani likibaki chini. Mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600, na hamu ya kwanza ya kukojoa huja kabla ya nusu ya kiasi hicho. Wakati wa kutoa, mambo hugeuka: misuli ya ukuta inabana, misuli inayofunga njia inalegea, na mkojo unatoka kwa mkondo mmoja hadi mwisho. Ubongo, uti wa mgongo na neva za nyonga ndizo zinazopanga zamu hizo.

Kila kazi ina namna zake za kuharibika. Upande wa kutunza, misuli inaweza kubana ovyo kabla ya wakati, njia inaweza kushindwa kufunga, kibofu kinaweza kukakamaa na kubaki kidogo, au tundu linaweza kutoboka kati yake na uke. Upande wa kutoa, ama njia imebanwa, ama misuli imechoka.

Tatizo ni kwamba mambo haya huja na dalili zinazofanana. Kwenda chooni kila nusu saa kunaweza kutokana na kibofu chenye papara, na kunaweza vilevile kutokana na kibofu kilichojaa pomoni kisichoweza kumwaga, kinachopunguza kidogo kidogo kinachofurika. Mgonjwa wa kwanza husaidiwa na dawa ya kutuliza misuli. Mgonjwa wa pili akipewa dawa hiyohiyo anaweza kuzibwa mkojo kabisa. Ndiyo sababu dalili peke yake haitoshi, na ndiyo sababu kuna haja ya kupima.

Maabara inajibu nini

Kijiti cha kupimia mkojo ni chombo kizuri kikiulizwa swali lake. Kinaonyesha damu, sukari, protini, dalili za chembe nyeupe na naitraiti. Naitraiti hutengenezwa na bakteria kama E. koli, lakini huchukua saa kadhaa ndani ya kibofu. Mtu anayekojoa kila baada ya dakika ishirini anaweza kuwa na maambukizi na kijiti kisionyeshe. Chembe nyeupe nazo zinaweza kutoka kwenye majimaji ya uke, hasa pale mgonjwa asipoelekezwa kutoa mkojo wa katikati. Jibu la uhakika zaidi ni kuotesha mkojo, ili kimelea kijulikane na dawa inayokiua ijulikane pia.

Utafiti mkubwa wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda uliotesha mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,000 waliokuja na dalili za UTI. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja, na sehemu kubwa ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa na kitu kingine kinachowasumbua, na kwa baadhi yao kitu hicho bila shaka ni kibofu chenyewe au viungo vya jirani. Kile kinachoitwa mtaani "UTI sugu" kinastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Mtu aliyemeza dozi nne bila nafuu ana haki ya kuoteshewa mkojo, na mkojo ukiwa safi, ana haki ya kuulizwa maswali mapya badala ya kuongezewa dozi ya tano. Hata bakteria wakionekana kwa mtu asiye na dalili yoyote, miongozo ya kitabibu haishauri kuwatibu, isipokuwa kwa mjamzito au mtu anayekaribia upasuaji wa njia ya mkojo.

Kichocho kinahitaji kutajwa peke yake. Mayai ya minyoo hii hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo sampuli ya alfajiri inaweza kuwapotosha wapimaji. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka, ukuta wa kibofu hujaa makovu na kukakamaa, na hatari ya saratani ya kibofu huongezeka. Kwa aliyekulia Pemba au kwenye maeneo ya mabwawa na mashamba ya mpunga, mkojo wa mara kwa mara unaweza kuwa kovu la minyoo iliyokwisha kufa zamani, na hapo prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiwezi kurudisha nafasi iliyopotea. Damu kwenye mkojo wa mtu mzima, hata ikija mara moja na kupotea, hupelekwa kwenye kipimo cha kamera kinachotazama utando wa ndani. Kamera nayo inaona umbo tu. Utendaji wa kibofu hauonekani kwake.

Tezi dume na mzigo wa PSA

Hakuna kipimo kinachobebeshwa mambo mengi kuliko PSA. Kampeni za kuwahimiza wanaume kupima tezi dume zimefanya kazi njema ya kuvunja aibu, ila zimeacha nyuma imani kwamba namba moja ya damu inaeleza kila kitu kuhusu mkojo wa mwanamume. PSA ni protini inayotoka kwenye tezi. Hupanda kwa saratani, hupanda pia tezi inapokua kwa umri bila saratani, inapovimba kwa maambukizi, au mtu anapowekewa mpira wa mkojo. Mzee anaweza kuwa na PSA ya kawaida na kibofu kisichomwaga hata nusu, na mwingine akawa na PSA ya juu huku akikojoa kama kijana.

Kwa swali la mkojo wenyewe kuna fomu ya maswali saba iliyotolewa na madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani mwaka 1992, inayotumika sasa duniani kote. Alama 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za kati, 20 hadi 35 kali. Inajazwa kwa dakika chache, na ukiitafsiri vizuri kwa mgonjwa inasema mengi kuliko namba ya damu kuhusu usiku wake na safari zake za basi. Isipotumika, daktari na mgonjwa hubaki kubishana juu ya saratani wakati mgonjwa alikuja kwa ajili ya usingizi.

Daftari, kikombe na picha

Kipimo cha utendaji kilicho rahisi kuliko vyote ni daftari la siku tatu. Mgonjwa anapewa kikombe chenye alama za mililita na karatasi ya kuandika saa aliyokunywa, alichokunywa na kiasi gani, saa aliyokojoa na mililita ngapi, na kama mkojo ulimponyoka alikuwa akifanya nini. Karatasi hiyo hufichua mambo ambayo saa nzima ya mazungumzo haiyafikii. Anayekojoa mililita 80 mara kumi na tano ana tatizo tofauti na anayekojoa mililita 400 mara kumi na tano. Huyu wa pili anatoa lita sita kwa siku, na anapaswa kupimwa sukari au kuulizwa kuhusu maji anayokunywa kabla ya mtu yeyote kugusa kibofu chake. Anayetoa mkojo mwingi usiku kuliko mchana anaweza kuwa na moyo dhaifu au miguu inayovimba, na majimaji hayo hurudi kwenye damu akilala.

Hatua ya pili ni mkojo unaobaki. Mgonjwa anakojoa, kisha ultrasaundi inapima kilichosalia. Chini ya mililita 50 ni jambo la kawaida. Zaidi ya 200 ni ishara kwamba kibofu hakimwagi. Katikati panahitaji kurudia kipimo, maana mtu aliyekojoa kwa haraka kwenye choo cha hospitali chenye mlango usiofunga hawezi kumwaga vizuri. Pasipo ultrasaundi, mpira mwembamba hufanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya tatu ni kasi ya mkojo. Mwanamume anakojolea kwenye chombo kinachorekodi mililita kwa sekunde. Kasi ya juu inayozidi 15 hutuliza wasiwasi, na iliyo chini ya 10 huuleta, alimradi ametoa angalau mililita 150. Lakini udhaifu wake uko wazi: kasi ndogo haisemi kama njia imebanwa au misuli imechoka. Mtu mwenye kisukari cha miaka ishirini na mtu mwenye tezi kubwa wanaweza kutoa mchoro ule ule.

Ndani ya chumba cha mashine

Hapo ndipo inapoingia mashine ya shinikizo. Mgonjwa anafika na kibofu kimejaa kiasi, anakojoa kwanza peke yake kwenye chombo cha kasi. Kisha analala, muuguzi anapitisha mrija mwembamba hadi kwenye kibofu na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Mrija wa pili huwashangaza wengi, na aibu yake ni ya kweli, lakini ndio unaofanya kipimo kiwe na maana. Shinikizo la ndani ya kibofu huchanganyika na la tumbo. Mtu akikohoa, yote mawili hupanda. Mashine hutoa la tumbo kutoka kwenye la kibofu, na kinachobaki ni nguvu ya misuli ya kibofu yenyewe.

Kabla ya kuanza, vipimio husawazishwa na hewa ya chumbani na kuwekwa usawa wa ukingo wa juu wa mfupa wa kinena. Mgonjwa anaambiwa akohoe. Mistari miwili kwenye skrini lazima iruke pamoja kwa urefu unaolingana. Usiporuka mmoja, mrija umekaa vibaya au una hewa, na kila kitakachofuata ni cha kutupa. Baada ya hapo maji yenye chumvi huingizwa polepole. Mgonjwa anasema anapohisi hamu ya kwanza, anapobanwa, anapotaka kupasuka. Anakohoa tena, anasimama, anasikiliza maji ya bomba yakitiririka. Mwishoni anakojoa mirija ikiwa ndani.

Hesabu inayofuata si ngumu. Chukua wanaume wawili wenye kasi ya mililita 6 kwa sekunde. Wa kwanza misuli yake inasukuma kwa sentimita 90 za maji, wa pili kwa 25. Kanuni ya Jumuiya ya Kimataifa ya Udhibiti wa Mkojo, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1971, inasema toa mara mbili ya kasi kutoka kwenye shinikizo. Wa kwanza anabaki na 78, na kilichozidi 40 ni njia iliyobanwa. Wa pili anabaki na 13, na kilicho chini ya 20 hakina mbano. Upasuaji wa tezi dume una sababu nzuri kwa wa kwanza. Kwa wa pili unaweza kuacha tatizo palepale na kuongeza jeraha.

Mashine nayo ina mipaka yake. Kibofu kinajazwa haraka kuliko figo zinavyojaza, mbele ya watu, na kuna wagonjwa ambao dalili zao hukataa kujitokeza siku hiyo. Baadhi hupata maumivu, damu kidogo au maambukizi. Isitoshe, mchoro unaosomwa na asiyefunzwa hupotosha kwa sauti ya uhakika.

Je, kila mtu apimwe kwa mashine?

Kwa miongo kadhaa mabingwa wengi walishikilia kwamba kibofu ni shahidi asiyeaminika, na kwamba hakuna upasuaji unaofaa kufanyika kabla ya kipimo cha shinikizo. Wengine walijibu kwamba mashine inaongeza gharama na usumbufu bila kubadilisha matokeo. Majaribio matatu makubwa yameupa upande wa pili nguvu.

La kwanza lilichapishwa Marekani mwaka 2012, likiwa na wanawake 630 wanaovuja wakikohoa au kuinua vitu. Nusu walipimwa kliniki tu kabla ya upasuaji, nusu waliongezewa mashine. Baada ya mwaka, waliofanikiwa walikuwa asilimia 77.2 kwa kundi la kwanza na 76.9 kwa la pili. Jaribio la pili lilikuwa la wanaume 820 katika hospitali 26 za Uingereza, matokeo yakitoka mwaka 2020. Watafiti walitarajia mashine ipunguze upasuaji wa tezi dume. Waliopasuliwa wakawa asilimia 38 kwa waliopimwa na 36 kwa wasiopimwa. La tatu, la Uingereza pia, lilitolewa mwaka 2025 kwa wanawake zaidi ya 1,000 wenye kibofu chenye papara kisichosikia dawa. Nalo halikuona tofauti ya maana katika nafuu iliyoripotiwa na wagonjwa wenyewe.

Anayeyasoma haraka atahitimisha kwamba nchi zisizo na mashine hazijakosa kitu. Huo ni usomaji wa hatari. Kundi lisilopimwa kwa mashine halikuachwa bila kupimwa. Wanawake wa jaribio la Marekani walikuwa wameonekana kwa macho wakivuja walipokohoa kwenye kitanda cha daktari, mkojo uliobaki ulikuwa umepimwa na kuthibitika kuwa mdogo, na maambukizi yalikuwa yameondolewa kwenye hesabu. Majaribio yanaonyesha kwamba uchunguzi wa kliniki uliofanywa kikamilifu unatosha kwa tatizo lisilo na utata. Hayasemi lolote la kutetea kijiti kimoja na dawa ya siku tano. Kwa Afrika Mashariki, ushindi wa upande wa pili unadai kazi zaidi: daftari lijazwe, mgonjwa akohoe, mkojo uliobaki upimwe.

Jambo jingine ni nani hakuwemo. Majaribio hayo yaliwaacha nje wagonjwa wenye magonjwa ya neva, na hayakuhusu watoto wala wanawake wenye fistula, yaani lile tundu kati ya kibofu na uke.

Wanaoihitaji kweli

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anaweza kuonekana hana shida ya mkojo kwa sababu nepi humficha. Ndani, kibofu kisichopata amri sahihi kinaweza kukaza wakati njia imefunga. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mkojo wao huanza kuvuja shinikizo likiwa limepita sentimita 40 za maji ndio ambao figo zao huharibika. Dalili hazitangulii madhara hayo. Mtoto anacheza, anakula, na figo zinapungua. Hakuna daftari wala kijiti kitakachofichua namba hiyo; ultrasaundi itaonyesha figo zilizovimba, lakini hapo madhara yameshaanza.

Tiba yake, kwa bahati njema, ni nafuu: mpira safi unaopitishwa mara kadhaa kwa siku, njia iliyoenezwa na Jack Lapides wa Michigan tangu mwaka 1972, baada ya kuonyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha na si lazima vifaa vya chumba cha upasuaji. Wazazi nchini Uganda na Kenya wamefundishwa kuifanya nyumbani. Pale ambapo mashine haipo, baadhi ya kliniki huanza mpira mapema kwa kila mtoto wa mgongo wazi bila kusubiri namba, na msimamo huo una busara: hatari ya kungoja ni kubwa kuliko usumbufu wa mpira. Udhaifu wake ni kwamba haumtambui mtoto ambaye shinikizo linabaki juu licha ya mpira, anayehitaji dawa ya kulegeza misuli au upasuaji. Hali ni hiyo hiyo kwa vijana wanaovunjika uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda.

Kundi la tatu ni wanawake waliofanyiwa upasuaji wa fistula na bado wanavuja. Swali la kwanza ni kama tundu limeziba, na jibu lake halihitaji umeme. Vipande vitatu vya pamba huwekwa ukeni kwa mfuatano, maji ya rangi ya buluu huingizwa kwenye kibofu kwa mpira, na mwanamke anatembea kidogo. Pamba ya juu au ya katikati ikigeuka buluu, tundu bado lipo. Ya chini peke yake ikigeuka, mkojo unapita kwenye njia yake ya kawaida isiyofunga. Ya juu ikilowa bila rangi, mkojo unatoka kwenye mrija wa figo, nao ni upasuaji wa aina nyingine kabisa.

Ugumu huja pamba zote zinapobaki kavu au ya chini tu ikilowa. Uchungu wa kuzaa uliochukua siku mbili huumiza zaidi ya ukuta mmoja. Hukata pia misuli inayofunga njia, hupunguza kibofu na kugusa neva. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na njia dhaifu, kibofu kidogo na misuli yenye papara kwa pamoja. Akifanyiwa upasuaji wa kukaza njia bila kujulikana kwamba kibofu chake hakina nguvu ya kusukuma, anaweza kuhama kutoka kuvuja hadi kuzibwa. Huyu alishatengwa na jamii mara moja, akaambiwa amepona, kisha akalowa tena. Kwake mashine ya shinikizo inaamua upasuaji upi ufanyike, na kumwekea kipimo hicho kwenye orodha ya anasa ni dhuluma.

Gharama, umbali na mpangilio

Mashine yenyewe ni ghali, lakini kinachoiua mara nyingi ni mambo madogo: mirija ya kutumika mara moja iliyoisha, kipimio kilichoharibika, muuguzi aliyefunzwa akahamishwa. Mgonjwa naye hulipa kwa njia ambazo bei ya kipimo haionyeshi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililiona hilo kwenye fistula, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wafike kutibiwa. Safari moja ya kutoka Kigoma inaweza kufanikishwa kwa namna hiyo. Safari tatu za kurudi kwa ajili ya vipimo vilivyopangwa siku tofauti zitawaangusha wengi. Daftari lijazwe nyumbani kabla ya rufaa, mkojo uliobaki upimwe wilayani, na anayefika hospitali ya rufaa akutane na mashine siku ileile.

Kwa mpango huo, fedha za kwanza ziende kwenye vikombe vya kupimia, fomu za siku tatu, huduma ya kuotesha mkojo na mafunzo ya ultrasaundi kwa wauguzi wa wilaya, kwa kuwa ndiko walipo wagonjwa wengi kama yule mzee na yule mama kwenye foleni. Mashine chache za shinikizo ziwekwe pale penye kliniki za mgongo wazi, za majeruhi wa uti wa mgongo na za fistula, zikiambatana na bajeti ya mirija ya mwaka mzima na watu wasiopungua wawili waliofunzwa kuzisoma.